Kopo la Kutemea Mvinyo: Tathmini Baada ya Misimu Miwili Malindi

Kopo ninalolitathmini hapa ni la chuma kisichoshika kutu, lenye ujazo wa nusu lita, na mfuniko wake umeundwa kama faneli inayoshuka ndani hadi kwenye tundu la upana wa kidole gumba. Nililinunua Mombasa kwa shilingi 2,400 kwa muuzaji wa vyombo vya hoteli, nami nimelitumia kila zamu kwa misimu miwili katika mkahawa wa Kiitaliano ulio karibu na ufuo wa Malindi. Ninawaandikia wahudumu wenzangu wanaofungua na kuonja mvinyo kila siku, kwa sababu hao ndio wanaolihitaji, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kwamba lipo.

Tunaonja kwa sababu chupa huharibika, na mgeni hapaswi kuwa wa kwanza kugundua kwamba mvinyo alioulipia unanuka kama boksi lililolowa maji, harufu inayotokana na kizibo kibovu. Katika joto letu la pwani, chupa iliyosafiri nyuma ya lori au iliyokaa katika stoo isiyo na kiyoyozi nayo hupoteza ladha kabla ya kufika mezani. Basi mhudumu huchukua funda dogo, tuseme mililita 20. Usiku wa Desemba, mji ukiwa umejaa wageni, mimi hufungua chupa 20, na mafunda hayo madogo yakijumlishwa ni mililita 400, yaani zaidi ya nusu ya chupa ya kawaida ya mililita 750. Kwa mvinyo wa asilimia 13, hiyo ni mililita 52 za pombe tupu, takriban gramu 41, anazomeza mtu ambaye akiulizwa ataapa kwamba hakunywa. Ini nalo huiondoa pombe hiyo kwa mwendo wake lenyewe, hata ukinywa kahawa chungu au ukaoga maji baridi.

Katika hoteli niliyofanyia kazi awali tulikatazwa kutema, kwa hoja kwamba wageni watachukizwa, kwa hiyo tulimeza. Kufikia msimu wa tatu nilikuwa naamka saa nane usiku moyo ukinidunda, kinywa kikavu, nisipate tena usingizi mpaka adhana ya alfajiri. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na kwa miongo kadhaa pombe imeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Mwajiri anayempa mhudumu aproni na kifungulio lakini asimpe mahali pa kutemea amemnyima kifaa cha kazi, na ninalisema hilo bila kusita.

Tuje kwenye kopo lenyewe. Ubora wake mkubwa uko katika ile faneli. Nilipojaribu kutumia ndoo ya barafu na bakuli la jikoni, mvinyo ulirukia shati, na shati langu la kazi ni jeupe. Hapa ukuta wa faneli una mteremko mkali, na mvinyo ukiugusa huteleza hadi kwenye tundu bila kurusha tone na bila sauti. Mimi huligeukia kabati la chupa, nikaliinua kopo hadi karibu na kidevu, nikaubana mdomo kidogo na kuutoa mvinyo kwa mkondo mwembamba; mgeni aliye nyuma yangu haoni wala hasikii chochote. Jambo hili si dogo katika mji ambamo kutema mbele za watu ni utovu wa adabu. Wazee wetu watafunao tambuu wamekuwa na vyombo vyao vya kutemea tangu zamani, vingine vya shaba vilivyong'arishwa, kwa hiyo wazo la chombo chenye staha kwa kazi hii si geni kwetu.

Kasoro zake zipo. Pete ya mpira inayoushika mfuniko ilibadilika rangi ikawa ya zambarau wiki ya kwanza, na kufikia siku ya tatu bila kuchemshwa hunuka siki. Muuzaji hakuwa na pete za akiba, ikanibidi nimwombe fundi wa baiskeli anikatie nyingine kwenye tyubu kwa shilingi 50, nayo inashika vizuri kuliko ile ya kiwandani. Hewa ya chumvi pia imeacha madoa ya kahawia kwenye kiungo cha kitako, ingawa tuliahidiwa chuma kisichoshika kutu. Tena lisijazwe kupita theluthi mbili, kwani likizidi hapo faneli haisaidii kitu.

Yapo pia yaliyo nje ya uwezo wa kopo lolote. Kiasi kidogo cha pombe huingia mwilini hata ukitema, kwa hiyo chakula kabla ya zamu na maji katikati yake bado ni lazima. Meno nayo hayakingwi kabisa: mvinyo una pH (kipimo cha asidi, ambacho kikiwa kidogo asidi huwa kali zaidi) ya kati ya 3 na 4, ilhali enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kulainika pH ikishuka chini ya takriban 5.5. Mimi nilianza kuumwa na meno kila niliponywa maji ya barafu, na daktari wa meno akanieleza kwamba nilikuwa nikijidhuru kwa kupiga mswaki mara tu baada ya kuonja. Sasa nasukutua kwa maji matupu na kusubiri angalau nusu saa.

Funzo jingine nimelipata kwa mwenzangu Mwislamu ambaye huhudumia mvinyo lakini hauonji. Yeye hunusa tu, na chupa yenye kizibo kibovu haimponyoki. Tangu nilipoanza kumfuata, mimi huonja tu zile ninazozitilia shaka baada ya kunusa, na mafunda 20 yamepungua hadi sita au saba. Kwa hayo sita kopo hili linastahili bei yake, ila unapolinunua uliza kwanza kama pete za akiba zipo.