Pampu ya ngama ya galoni 2000: yenyewe nzuri, ufungaji ndio kazi

Kwa boti ya faiba ya futi 30 hadi 40, kama zile zinazolala Shela, Lamu, na kupeleka wageni kisiwa cha Kiwayu, pampu ya kuzamisha ngamani (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) ya volti 12 yenye uwezo wa galoni 2000 kwa saa inafaa kununuliwa. Chujio lake hutoka kwa kubonyeza vishikizo viwili vya pembeni, hata mkono ukiwa umejaa grisi. Si jambo dogo hilo, maana panga la pampu, yaani gurudumu linalosukuma maji, hunaswa na nyuzi za matambara, magamba ya samaki na vipande vya nailoni ambavyo fundi wa umeme alivikata akaviacha ngamani.

Ila namba ya kwenye boksi isikudanganye. Galoni 2000 ni kama lita 126 kwa dakika, tena hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Ikiyapandisha mita moja na nusu, kwa hozi yenye mikunjo na waya mwembamba, shukuru ukipata nusu au theluthi mbili. Sasa chukua hozi ya kupozea injini imechomoka: tundu la inchi moja na nusu, sentimita 60 chini ya usawa wa bahari, huingiza karibu lita 140 kwa dakika. Pampu moja haiwezi kushindana nalo. Kazi yake ni kukupa muda wa kulitafuta tundu na kuliziba.

Hozi iwe laini ndani, si ile ya mbavu, na ipande bila bonde. Penye bonde hewa hunaswa, pampu ikazunguka bure. Tundu la kutolea maji liwe angalau sentimita 30 juu ya maji boti ikiwa na abiria na mafuta yote. Wengi hupima ikiwa tupu. Kusi ikivuma na boti ikalala upande kwenye mawimbi ya mlangoni Shela, tundu la chini huzama, na pampu ikisimama bahari hurudi ndani kwa hozi ileile. Kama huwezi kulipandisha, ipitishe hozi juu ya usawa wa maji na uweke vali ya kuingiza hewa kileleni. Vali ya kuzuia maji yasirudi si dawa: taka kidogo tu huikwamisha.

Swichi ya boya, inayoiwasha pampu yenyewe maji yakipanda, ndiyo sehemu dhaifu ya seti hii. Ifunge juu kidogo ya kitako cha pampu, la sivyo maji yanayorudi kutoka kwenye hozi yataiwasha tena na tena mpaka betri iishe. Maungio ya waya yawe juu, mbali na ngama, kwa mirija yenye gundi inayosinyaa kwa joto. Mkanda wa umeme hauzuii chumvi. Umeme wa boya utoke moja kwa moja kwenye betri, ili ukizima swichi kuu pampu ibaki hai. Fyuzi iwe ile aliyoitaja mtengenezaji. Ikizidi, panga likinaswa mota huungua kabla fyuzi haijakatika.

Ongeza pampu ya pili, sentimita 10 hadi 15 juu ya ya kwanza, yenye fyuzi na boya lake, na king'ora penye usukani. Kikilia, washa zote kwa mkono, tuma mtu ngamani akague hozi, koki (vali za matundu ya chini ya boti) na shafti ya rafadha, na uite msaada kwa redio ya VHF, chaneli 16, mapema, kabla maji hayajafika kwenye betri. Vizibo vya mbao laini vifungwe kwa kamba kando ya kila koki. Koki isiyozungushwa kila mwezi hukwama siku hiyohiyo unapoihitaji. Tundu likikushinda na mchanga uko karibu, pandisha boti mchangani.

Boti iliyofungwa gatini wakati wa masika nayo isisahauliwe. Pampu hii hula kama ampia 8, na betri ya ampia-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una saa sita hivi za kazi mfululizo.

Kila wiki ijaribu, na si kwa kuinua boya kwa kidole: mimina ndoo mbili za maji ngamani, kisha mtu asimame gatini atazame kama yanatoka ubavuni kwa nguvu.