TAHADHARI: anayejiita fundi wa kung'arisha samani za zamani, Tanga

Jamani watu wa Tanga, kuna mtu anapita majumbani akisema anazirudishia samani za zamani mng'ao wake. Msimfungulie mlango. Kasha la bibi ameliua.

Kasha lenyewe ni sanduku la mbao la zamani, lenye nakshi za maua na misumari ya shaba, na mdogo wangu alilimwagia manukato juu, mng'ao ukaharibika. Basi huyu bwana akaja, shikamoo kwa mama, chai akakataa mpaka amalize kukagua. Akapiga magoti, akagonga ubao kwa kidole: "Dada, huu msaji halisi, siku hizi huupati." Na kweli ni msaji. Akatoa chupa ya soda yenye kitu cha kahawia, akachovya kitambaa, akasugua kwenye mikwaruzo ya pembeni. Mikwaruzo ikapotea tukiangalia! Mama akasema alhamdulillahi. Mtu wa namna hiyo ningemshuku kwa lipi? Na simu yake imejaa picha za makasha, ya kabla na ya baada. Nikampa laki mbili na nusu, akalipakia kwenye kirikuu.

Akalirudisha magharibi, giza linaingia, limefungwa shuka. Eti tusilifunue, vanishi bado mbichi. Akachukua laki na nusu iliyobaki, huyoo. Asubuhi nafunua: jeusi tii, linanata, linanuka rangi ya viatu na oili. Nakshi kazilaza kwa mashine ya msasa, yale maua aliyokuwa akiyapangusa bibi kila Ijumaa hayapo. Na misumari ya shaba kaing'oa yote! Kapigilia ya chuma, kaipaka rangi ya dhahabu. Nimeweka sumaku ikanasa pale pale, na shaba hainaswi na sumaku. Huu si ufundi mbovu, ni wizi. Simu haipatikani. Mama anakwepa kuingia sebuleni, na shangazi yuko njiani kutoka Pemba, sijui nitamtazama vipi.

Seremala mmoja mzee kaja kuliona, nusura alie. Kapitisha pamba yenye spiriti ndani ya mfuniko, ambako yule mwizi hakugusa, pakanata: ni shelaki, aina ya vanishi ya kizamani. Shelaki huyeyuka kwa spiriti, na manukato yale yalikuwa na spiriti ndani yake, ndiyo maana yaliiharibu. Ilitakiwa kitambaa, spiriti na shelaki kidogo juu ya ile ya zamani, hapo hapo sebuleni, bila msasa wa mashine. Na kile cha kwenye chupa ya soda anasema ni mafuta tu. Mkwaruzo ukilowa hufichika, ukikauka unarudi.

Kwa hiyo anayeng'ang'ania kuondoka na kitu, asiyejaribu kwanza mahali pa kificho, mkatalieni. Shaba zipigeni picha kabla.

Polisi nimeshatoa taarifa. Aliyeibiwa naye aniandikie, twende wengi. Nataka afungwe huyu mtu, na misumari ya bibi airudishe mmoja mmoja, hata kama kashawauzia watu wa skrepa akainunue!