AEM X-Series kwenye Subaru ya turbo: namba ni nzuri, ila tazama sensa imefungwa wapi

Wadau, karibuni. Leo ni geji ya hewa na mafuta, AEM X-Series 30-0300. Sensa yake inakaa kwenye ekzosi, na namba ni uzito wa hewa kwa kila sehemu moja ya mafuta: ikipanda, mafuta yamepungua. Gari ni Forester ya turbo, injini EJ205. Ukubwa na rangi mnavijua, sipotezi muda huko. Nataka mwone namba inavyokimbia!

Injini imeshapata moto, iko sailensi, yaani inazunguka bila kukanyagwa. Namba inacheza: 14.5, 14.8, 14.6. Ni sawa kabisa, kompyuta ya gari inaongeza na kupunguza mafuta ikizunguka 14.7. Sasa nakanyaga ghafla... 12 na pointi. Naachia... imeruka mpaka mwisho wa geji! Hapo ndipo wengi wanapiga simu kwa fundi wakihema. Tulia. Ukiachia mafuta injini ikiwa inazunguka juu, kompyuta inafunga nozeli, kinachopita kwenye ekzosi ni hewa tupu.

Twende barabarani. Gia ya tatu, mguu chini, mwenzangu anashika kamera. Turbo inajaa... 14.7, bado 14.7... hapo, 11.3! Nawarudishia polepole. Umeona kile kipande ambacho turbo imeshaanza kusukuma na namba bado iko 14.7? Baadhi ya Subaru za turbo zinachelewa hivyo kutoka kwenye hesabu ya matembezi kwenda kwenye hesabu ya nguvu. Geji ya polepole isingekuonyesha. Hii inaonyesha, na ndiyo sababu naipenda kupita kiasi. Turbo ikiwa imejaa nataka 11 hadi 11.8. Ikipanda kupita 12.5 na mguu uko chini, achia mara moja, maana injini ikianza kugonga, yaani mafuta yakilipuka vibaya ndani yake, pistoni haziombi msamaha. Injini isiyo na turbo ni hadithi nyingine, 12.5 mpaka 13 inatosha.

Zile geji za bei chee zenye taa za rangi, zinazochukua waya kwenye sensa ya kawaida ya gari? Achana nazo. Sensa ile inajua tu kwamba umevuka 14.7 au hujavuka. Haiwezi kutofautisha 11 na 12.5, na hapo ndipo injini inapofia. Innovate MTX-L ni mpinzani wa kweli, ila yeye anataka sensa ipimwe kwanza kwenye hewa ya wazi. AEM haina kazi hiyo, kwa sababu sensa yake ya Bosch LSU 4.9 inakuja na kipimo chake cha kiwandani ndani ya plagi ya waya. Kwa hiyo tafadhali, fundi asikate ile plagi ili waya upite kwenye tundu dogo! Akikata, umetupa kipimo. Tanua tundu la raba kwenye ukuta wa injini, plagi ipite nzima.

Kufunga sasa. Nati ya kuchomelea, ile inayoshika sensa, ni M18, meno 1.5. Ichomelewe kwenye daunipaipu, bomba la moshi linalotoka kwenye turbo, baada ya turbo, sentimita 45 hivi mbele yake kama nafasi ipo, na kama katalaiza, kisafisha moshi, iko huko basi kabla yake. Usiweke kabla ya turbo, joto na presha vitaimaliza sensa. Wakati wa kuchomelea, sensa iwe mezani, na kwenye nati ifungwe boliti ya zamani ili meno yasipinde. Sensa ilale juu ya mstari wa mlalo, digrii 10 au zaidi. Ikitazama chini, maji ya ekzosi yanaifikia, na kauri yenye moto ikipigwa na maji inapasuka. Silikoni usiisogeze karibu, inaua sensa.

Waya: mwekundu kwenye umeme unaokuja swichi ikiwa ON, wenye fyuzi, usiibe kwenye koili wala pampu ya mafuta. Mweusi kwenye bodi, chuma kikwanguliwe rangi. Mweupe na kahawia ni za kupeleka ishara kwenye kompyuta, hizo nimeziwekea video yake, inatoka wiki ijayo, bonyeza kengele. Na sensa ikishafungwa, usiendeshe gari geji ikiwa haina umeme. Sensa baridi inajaa masizi.

Kuna kosa moja la kusoma linalogharimu watu pesa. Geji haipimi petroli, inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Gasketi ya ekzosi ikivuja kabla ya sensa, hewa inaingia gari ikiwa sailensi na namba inapanda, 16, 17. Plagi moja ya cheche ikikosa kuwaka, hewa yake inatoka haijatumika, namba inapanda vilevile, ingawa petroli mbichi inanuka nyuma ya gari. Fundi anaongeza mafuta, tatizo linakua. Kagua uvujaji na plagi kabla hujagusa ramani ya mafuta, yaani hesabu ya mafuta kwenye kompyuta.

Bei? Marekani inazunguka dola 200 hivi, kisha usafiri na ushuru juu yake. Kinachouma ni sensa, kwa sababu inachakaa na utainunua tena. LSU 4.9 bandia zimejaa mtandaoni, na bandia haisemi imekufa, inakupa namba nzuri ya uongo. Ukiona inauzwa robo ya bei, pita. Kama unayo geji na namba haieleweki, andika hapo chini injini yako, sensa imefungwa wapi, na namba ikiwa sailensi na ikiwa mguu chini. Nitajibu.