Bluberi kwenye Rafu za Nairobi: Tunda Lenyewe na Vinavyouzwa kwa Jina Lake

Katika maduka makubwa ya Nairobi siku hizi, ni vigumu kupita kwenye friji ya maziwa au rafu ya vyakula vya asubuhi bila kukutana na picha ya bluberi. Tunda hili dogo, ambalo hadi miaka ya karibuni lilipatikana tu katika maduka machache yanayohudumia wageni na watu wenye uwezo, sasa limechapishwa kwenye yogati, juisi, mafini, nafaka za kiamshakinywa, chai ya vifuko na hata vinywaji vya kuongeza nguvu. Nimenunua bidhaa hizi za watengenezaji mbalimbali, wa humu nchini na wa nje, na nimegundua kwamba kadiri bidhaa inavyojitenga na tunda lenyewe, ndivyo picha ya tunda kwenye pakiti inavyozidi kunenepa.

Tunda bichi ndilo la kuanzia, kwa sababu ndilo kipimo cha mengine yote. Bluberi asili yake ni Amerika Kaskazini, na hata huko lilikuwa tunda la kuchumwa porini mpaka Elizabeth White na mtaalamu wa mimea Frederick Coville walipofanikiwa kulilima shambani New Jersey na kuuza mavuno ya kwanza mwaka 1916. Siri waliyoifumbua ni kwamba mmea huu hutaka udongo wenye asidi kali, ambao mashamba mengi hayana. Ndiyo maana wakulima wengi wa kisasa huupanda katika vyungu au mifuko iliyojazwa makumbi ya nazi yaliyosagwa, wakaupa maji na mbolea kwa mirija ya matone. Kenya nayo imo katika biashara hiyo. Kampuni ya Kakuzi ya Makuyu, Kaunti ya Murang'a, inayojulikana zaidi kwa parachichi na makadamia, ni miongoni mwa wanaolima zao hili. Gharama ya kilimo cha namna hiyo, pamoja na kuchuma kwa mkono punje baada ya punje, ndiyo inayofanya kikasha kimoja cha gramu 125 kiuzwe kwa pesa ambazo, maembe yakiwa msimu, zingekupatia rundo zima.

Je, bei hiyo inastahili? Kwa tunda lililochumwa likiwa limeiva, naam. Ngozi hupasuka chini ya jino, utamu ukatangulia na uchachu mwembamba ukafuata. Tatizo ni kwamba bluberi haliongezi utamu baada ya kuchumwa, kwa hiyo punje yenye wekundu karibu na kikonyo itabaki chachu hata ukiiweka mezani wiki nzima. Kabla ya kulipa, kigeuze kikasha utazame chini: ukiona maji ya zambarau yamelowesha plastiki, kirudishe. Ule utando mweupe unaofanana na vumbi usikutishe, kwani ni nta ya asili ya tunda, na ukiwa bado haujafutika ni dalili kwamba punje hazijashikwashikwa sana. Usizioshe mpaka wakati wa kula.

Hata hivyo, kwa mtu anayetaka kulitumia tunda hili mara kwa mara, mfuko wa bluberi zilizogandishwa ndio ninaoupendekeza kwanza. Kwa uzito, mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko ya mbichi, na kugandisha hakuharibu sana zile kemikali za rangi zinazolipa tunda sifa yake. Zikiyeyuka hulegea na kutoa maji, kwa hiyo hazifai kupamba sahani ya matunda, lakini katika uji wa shayiri au ndani ya blenda pamoja na ndizi na mtindi hakuna atakayezitofautisha.

Yogati ndiyo iliyonifanya niandike. Kikombe kimoja nilichokinunua kilikuwa na picha ya rundo la bluberi zenye matone ya umande, lakini ndani kulikuwa na uji laini wa zambarau wa kuvutia, wenye rangi moja kuanzia juu mpaka chini, usio na hata kipande kimoja cha ganda. Ukilikata bluberi la kulimwa kwa kisu utaona nyama yake ni nyeupe inayoelekea kijani. Rangi karibu yote imo kwenye ngozi. Kwa sababu hiyo, yogati iliyochanganywa na tunda halisi huwa na madoa, mistari na vijiganda vyeusi, na aghalabu weupe wake huwa wa kijivu kidogo. Nilipokigeuza kile kikombe nikakuta maziwa, sukari, wanga, ladha na rangi, na tunda halikutajwa kabisa. Viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kile kilicho kingi kikitangulia, kwa hiyo mnunuzi hahitaji zaidi ya nusu dakika kujua anauziwa nini. Yogati nyingine, yenye tabaka la matunda yaliyopikwa chini ya kikombe, ilikuwa tamu kupita kiasi kwangu, lakini angalau ilikuwa na punje za kutafuna, na hiyo ningeinunua tena.

Juisi ni hadithi ile ile kwa lugha ya adabu zaidi. Pakiti inayotangaza kuwa ni juisi asilimia 100 huenda inasema kweli, ila juisi yenyewe huwa ni ya tufaha na zabibu kwa wingi, bluberi likiwa limeongezwa kiasi cha kuhalalisha jina. Si kinywaji kibaya. Ila anayelipa bei ya bluberi kwa juisi ya tufaha anapaswa kujua hivyo. Kuhusu chai ya vifuko, harufu yake ni nzuri kuliko ladha, nami sina la kuongeza.

Wauzaji hupenda sana kutaja afya, na hapa napendekeza kiasi. Gramu 100 za bluberi zina takriban kalori 57 na miligramu 10 hivi za vitamini C, ilhali mapera ya uzito huo huwa na zaidi ya miligramu 200. Sifa kubwa ya bluberi ni anthosayanini, yaani rangi ile ya ngozi, lakini jamii hiyo ya rangi imo pia katika zambarau zinazodondoka chini ya miti ya pwani na kuchafua mashati ya watoto wa shule. Idara ya Kilimo ya Marekani yenyewe iliondoa mwaka 2012 jedwali lake lililokuwa likipanga vyakula kwa nguvu ya kuzuia oksidi, yaani sifa ya kiafya ambayo rangi kama hizi husifiwa nayo, kwa kuwa vipimo vya maabara vilikuwa vikitumiwa kutangaza bidhaa pasipo ushahidi wa faida mwilini.

Mafini ndiyo yaliyonishangaza kwa uzuri. Katika duka moja la mikate nilipata yaliyookwa kwa tunda la kweli, na nililitambua kwa kasoro yake: kuzunguka kila punje unga ulikuwa na duara la kijani kibichi. Rangi ya bluberi hubadilika kulingana na asidi, hivyo magadi yakizidi kwenye unga, zambarau hugeuka kijani. Yale ya pakiti yaliyo kando ya mlango wa duka kubwa hayana duara hilo, kwa kuwa vipande vyake vya buluu ni sukari, mafuta na rangi vilivyogandamizwa, na vikisuguliwa kwa kidole hupakaa kama krayoni. Anayeoka nyumbani aongeze mtindi kidogo kwenye unga, azitie punje zikiwa bado na barafu, na akoroge mara chache tu kabla ya kumimina kwenye vikopo.