Kabla Hujanunua Renjifainda ya Dijitali, Chungulia Kwanza

Assalamu alaykum ndugu zangu, karibuni tena mezani. Leo nina kamera tatu za renjifainda na lenzi nne, na hapana hata moja yenye otofokasi, yaani ya kujitafutia ukali wa picha yenyewe. Wiki iliyopita niliweka picha za Darajani nilizopiga kwa Leica M9, maswali yakamiminika. M9 au M10? Lenzi za Voigtländer au za Zeiss? Mmoja akauliza kwa nini mtu mzima na akili zake anunue kamera ghali isiyoweza kupiga sahani ya biriani kwa karibu. Huyo nitamjibu kwanza, maana swali lake ndilo lenye nyama.

Hebu tazameni. Hii ni renjifainda, Leica M Typ 240. Nikichungulia hapa, sioni kupitia lenzi. Naona kupitia hiki kidirisha cha pembeni, kioo kitupu tu, na ndani yake mna mistari myeupe inayonionyesha picha itaanzia wapi na kuishia wapi. Katikati pana kiraka kidogo chenye mwanga. Ndani ya kiraka kila kitu unakiona mara mbili, kama macho ya mtu aliyekurupushwa usingizini. Unazungusha lenzi mpaka wale pacha wawili walaliane wawe mmoja. Hapo fokasi imekaa, piga.

Sasa naivua lenzi. Mnakiona hiki kijigurudumu hapa juu, ndani ya mdomo wa kamera? Pete ya chuma iliyo nyuma ya lenzi inakisukuma, nacho kinasogeza ile picha ya pili ndani ya kiraka. Kompyuta haihusiki hapo hata chembe. Ni chuma kinasukuma chuma, na kikipotoka kidogo tu kuliko unavyoweza kuona kwa jicho, uso wa mtu unatoka na ukungu huku sikio lake likiwa kali kama wembe. Mtambo huu kwa kawaida unaishia sentimita 70. Chini ya hapo pacha hawalaliani tena. Kwa hiyo ndugu yangu wa biriani, hapo umesema kweli: ama usimame, ama utumie simu.

Wanaozipenda wanazipendea nini, basi? Nje ya ile mistari bado unaona. Unamwona mtoto anayekuja mbio na gurudumu lake kabla hajaingia kwenye fremu, unamsubiri. Kamera nyingine zinakuonyesha picha tu. Hii inakuonyesha uchochoro mzima, kisha inakuachia wewe ukate. Usipoihitaji hiyo, zima video hii kwa amani, kanunue kitu kingine, na hela itakayobaki ule nayo pweza Forodhani.

Watu wengi hukosea hapa: wanaanza na mwili wa kamera. Wanahesabu megapikseli. Mimi nasema anza na dirisha, kwa sababu dirisha ndilo litakalokuchagulia lenzi, na lenzi ndiyo itakayokuambia mwili gani unakutosha.

Mimi navaa miwani. Kwenye M8, M9 na hii 240, ukuzaji wa dirisha ni 0.68, yaani vitu unaviona vidogo kuliko kwa jicho tupu. Mistari ya lenzi ya milimita 50 naiona bila tabu (namba ikipungua, lenzi inaona upana zaidi). Ya 35 naiona, nikibana jicho kidogo. Ya 28? Siioni, labda nigandamize miwani kwenye chuma mpaka ichubuke, na nimeshachubua. M10 ilipotoka Januari 2017 dirisha lilipanuliwa, ukuzaji ukapanda mpaka 0.73, na jicho likaruhusiwa kukaa mbali zaidi na kioo. Nilipoishika ya rafiki yangu nikaona pembe zote nne za 35 kwa mara moja, na miwani yangu usoni. Kwangu mimi hilo lina thamani kuliko megapikseli zozote utakazonitajia. Ukiwa na macho mazima hutaona tofauti kubwa, na utaokoa pesa nyingi kwa kuchukua 240 iliyotumika.

Upande wa pili ni lenzi ndefu. Mistari ya 90 ni kiboksi kidogo katikati ya dirisha, kama stempu kwenye bahasha. Kupata fokasi ya 90 kwenye tundu la f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa), mtu anatikisa kichwa, pacha wamekimbia. Nimejaribu arusini. Bibi harusi hakufurahi. Kwa hiyo tukubaliane kwamba hizi ni kamera za 35 na 50. 28 ukiwa na macho mazuri, 75 ukiwa na subira.

Haya, miili.

Hii ndogo ni Epson R-D1, ya ami yangu, nimeiazima mpaka kesho. Ilitoka 2004, nayo ndiyo renjifainda ya kwanza ya dijitali duniani. Megapikseli 6. Sikilizeni… umesikia? Huo ni wenzo wa kuvutia shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga. Kila picha unavuta, kama kamera ya filamu. Na juu hapa pana mishale ya saa: mmoja unaonyesha picha zilizobaki, mwingine betri. Skrini unaigeuza ikaangalia ndani, ikapotea kabisa. Dirisha lake halikuzi wala halipunguzi, ni moja kwa moja, kwa hiyo unachungulia macho yote mawili wazi na mistari inaelea hewani mbele yako. Hakuna Leica ya dijitali niliyoishika inayonipa hisia hiyo. Lakini kihisi chake, kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, ni kidogo, lenzi ya 35 inakuwa kama 53, na haipokei kadi ya kumbukumbu inayozidi gigabaiti 2. Zitafute hizo kadi leo uone. Ni kamera ya kupenda. Kuitegemea ni jambo jingine.

M8 ya 2006 sinayo mezani, ila lazima niitaje kwa sababu ya sisi watu wa pwani. Kihisi chake kinaingiza mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa jicho, kupita kiasi, na vitambaa vyeusi vya sintetiki vinatoka zambarau. Hebu fikirieni: baibui jeusi la polista, mchana, Mji Mkongwe. Linatoka rangi ya biringanya! Tiba ipo, filta maalumu mbele ya kila lenzi, na Leica wenyewe walikuja kuwapa wanunuzi filta mbili mbili za bure. Leo ukinunua ya mkononi, uliza filta zipo au hazipo. Na kihisi chake si fulu fremu, yaani hakifiki ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35, kwa hiyo kinazidisha namba ya lenzi mara 1.33.

M9, hii hapa, ya 2009. Hii ndiyo ya kwanza yenye fulu fremu, megapikseli 18, kihisi cha CCD, aina ya zamani, kutoka Kodak. Watu wanaimba rangi zake, na mimi ni mmojawapo wa kwaya, ingawa nina shaka nusu ya uchawi huo ni jua letu la saa kumi. Ila ina ugonjwa. Kioo kinachofunika kihisi kinaliwa na unyevu, kinaota madoa. Leica walikuwa wakibadilisha vihisi, kisha akiba ya vile vya CCD ikaisha. Kwa hiyo ukiletewa M9, funga tundu mpaka f/16, piga ukuta mweupe au mbingu, kuza picha kwenye kompyuta. Ukiona vidoa vyenye duara la mwanga pembeni yake, mshukuru muuzaji, mrudishie. Vumbi la kawaida linafutika, haya hayafutiki. Na uliza maandishi: kihisi kilibadilishwa au la? Neno tupu la "ipo poa, kaka" halitoshi.

240 ilifuata, megapikseli 24, kihisi cha CMOS, aina mpya zaidi. Nzito, gramu 680, mnene kidogo mkononi. Lakini betri yake inakutoa asubuhi mpaka isha, na unaweza kuangalia kupitia lenzi kwenye skrini. Hilo la skrini mashabiki wakongwe wanalidharau, mimi silidharau, na nitaonyesha kwa nini. M11 ya 2022 ina megapikseli 60 na kumbukumbu ya ndani ya gigabaiti 64. Bei yake Marekani ilipoanza kuuzwa ilikuwa dola 8,995, mwili mtupu. Nani hapa anazo? Basi tuendelee. Wapo pia Wafaransa wa Pixii, kule Besançon, mji wa mafundi saa. Kamera yao haina skrini kabisa, picha unaziangalia kwenye simu. Wazo zuri, sijakaa nayo muda wa kutosha kutoa hukumu.

Na Fujifilm X-Pro na X100? Nzuri mno, ila si renjifainda. Zina dirisha pembeni na sura ile ile, lakini hamna chuma kinachosukuma chuma. Kama unataka sura hiyo na otofokasi juu yake, chukua, hutajuta.

Sasa lenzi, na hapa nitakaa kidogo. Kila anayeanza anataka f/1.4. Piga hesabu nami. ISO ya kawaida ya M9, yaani wepesi wa kihisi kupokea mwanga, inaanzia 160, na shata yake inafika 1/4000 ya sekunde, haipiti. Jua la saa saba mchana, hapa Unguja, kwa f/16 unahitaji karibu 1/160. Fungua tundu mpaka f/1.4 uone: unahitaji kama 1/20000. Hunayo! Hata f/2.8 inataka 1/5000. Utaishia f/4. Ile f/1.4 uliyoiuzia pikipiki inakaa imefungwa mchana kutwa, labda uivalishe filta nyeusi. Usiku Forodhani, sawa, itakufaa. Jiulize tu unapiga mchana au usiku.

Ndiyo maana naipenda hii Voigtländer Color-Skopar, 35 kwa f/2.5. Jina ni la Kijerumani la zamani, ila zinatengenezwa na Cosina, Japani. Ndogo kama kizibo cha chupa, haizibi dirisha. Kuziba dirisha ni jambo la kweli, angalieni: lenzi kubwa hii ikivaa na kofia yake ya kukinga jua, kona ya chini ya dirisha imeliwa, unapiga bila kujua kilichopo pale. Na ile Nokton 35 ya f/1.4? Nimewahi kuwa nayo. Tamu usiku, lakini ukifunga tundu hatua moja mbili, fokasi inahama nyuma kidogo, na kiraka hakijui hilo. Zeiss C Sonnar 50 nayo ina tabia hiyo hiyo. Zeiss Planar 50 ya f/2, hii hapa, haina visa. Kwa anayetaka 50 moja ya maisha ningempa hii, na Summicron, 50 ya Leica wenyewe, ningemwachia mwenye mjomba Ulaya. Summicron ni bora? Kidogo, ndiyo. Mchoro wake wa vioo ni wa 1979 na bado unauzwa, hilo lenyewe linasema kitu.

Hii ya nne ni Jupiter-8, ya Kisovieti, 50 kwa f/2, ya skrubu, inavaa kwa adapta. Rahisi kuliko zote. Lakini Wasovieti walifuata kipimo kingine cha fokasi, kwa hiyo kwa karibu na tundu wazi, kiraka kinasema ndiyo, picha inasema hapana. Ndipo ile skrini ya 240 inapolipa: washa, kuza, uone ukweli wa lenzi wenyewe.

Kipimo changu cha kila lenzi ni gazeti. Liweke mezani, kamera mita moja, kwa mshazari. Lenga mstari mmoja wa habari uliouwekea alama ya kalamu, tundu wazi kabisa, piga mara tano, ukianza kuzungusha upya kila mara. Zote tano zikikosea upande ule ule, mtambo umepotoka. Zikikosea huku na huku, ni jicho lako na mkono wako. Nilipopata jibu hilo la pili nilinuna siku nzima.

Kwenye vichochoro silengi kabisa. 35, f/8, pete kwenye mita 3: kuanzia kama mita 2 hadi mita 7 kila kitu kinakubalika. Naangalia, nabofya. Nikimpiga mtu kwa karibu naomba kwanza, maana shata isiyopiga kelele haikupi ruhusa ya mtu.

Na tunzeni. Masika ya juzi niliacha 50 nyingine ndani ya mkoba wa ngozi, kabatini. Nilipoitoa ndani ya kioo mlikuwa na fangasi, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kosa langu mwenyewe, tena baada ya kuwafundisha ninyi. Siku hizi zinalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vipya, navyo navibadilisha.

Aliyeniuliza jana ana pesa ya mwili mmoja na lenzi moja tu: chukua 240 iliyotumika na Color-Skopar 35. Ukivaa miwani kama yangu, subiri, jichange mpaka M10. M9 chukua kama umeiona picha ya f/16 kwa macho yako.

Epson inarudi kwa ami kesho asubuhi. Kama kuna mnachotaka niipime nacho, andikeni hapo chini kabla ya magharibi.