Miezi saba na jukwaa la kusomeshana makala kati ya fani

Kilichonipeleka huko ni neno moja: vekta. Kikundi chetu cha utafiti wa malaria kina mtaalamu wa wadudu, daktari, mwanahisabati aliyetoka fani tofauti kabisa, na mimi wa takwimu. Mtaalamu wa wadudu aliandika kwenye rasimu "wingi wa vekta", yaani mbu aina ya Anopheles. Mwanahisabati wetu alishinda siku nzima akitafuta vekta hizo zinaelekea wapi. Tulicheka, lakini siku ilikuwa imekwenda.

Jukwaa lenyewe silitaji jina, kwa kuwa nina ya kulilaumu. Ukijiandikisha unataja fani yako. Makala ikishapakiwa, istilahi zake hupigwa mstari hafifu. Ukiweka kishale juu ya mojawapo, unaona kwanza maana aliyoikusudia mwandishi, na chini yake maana ya neno hilohilo katika fani yako wewe. Mbu juu, mshale wenye ukubwa na mwelekeo chini. Rafiki yangu wa uhandisi jeni alipofungua makala hiyohiyo alikuta maana ya tatu: kirusi au plasmidi (duara dogo la DNA) inayobeba jeni na kuipeleka ndani ya seli. Faharasa ya kawaida hukwambia neno lina maana gani, basi. Hii inakuonyesha mahali utakapoteleza, na kwa hilo tu ningeendelea kulitumia.

Kingine ninachokipenda ni kitufe cha pambizoni cha kumuuliza mwandishi "hapa unakusudia nini?" Swali humfikia bila jina la muulizaji. Mwanzoni niliona ni mzaha. Baadaye nikagundua kwamba maswali ya msingi kabisa, yale ambayo kikaoni hakuna anayethubutu kuyauliza, yalianza kumiminika. Nashuku wenye vyeo ndio wanaokitumia zaidi. Kuna mmoja aliniuliza "kosa sanifu", ambalo kwangu ni kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba, lilifanywa na nani.

Sasa lawama. Baadhi ya istilahi zimewekewa "ufafanuzi rasmi" mmoja na wahariri, bila maana ya fani ya msomaji chini yake, na hapo jukwaa linajikana lenyewe. Chukua "muhimu". Kwangu, tokeo likiwa muhimu kitakwimu maana yake ni kwamba bahati peke yake isingelileta kwa urahisi. Kwa daktari, muhimu ni kile kitakachobadilisha matibabu. Dawa inayoshusha shinikizo la damu kwa milimita moja tu ya zebaki inaweza kuwa muhimu kwangu, mradi wagonjwa waliopimwa ni wengi vya kutosha, na isiwe na maana yoyote kwake. Wahariri walichagua maana yangu. Nilishinda, lakini ushindi huo haukunifurahisha hata kidogo: daktari wetu aliisoma sentensi yangu kwa kujiamini kabisa, akaielewa kinyume.

Fomula ndizo zinazoniudhi zaidi. Zinaonyeshwa kama picha, kwa hiyo kishale hakishiki alama hata moja, ilhali alama nazo ni lugha za mafundi. Kwa mzizi wa pili wa hasi moja, mhandisi wa umeme huandika j pale mwanahisabati anapoandika i, kwa sababu kwake i tayari ni mkondo wa umeme. Hiyo walau unaishtukia, kwa kuwa herufi ni tofauti. Kwenye majira ya tufe, yaani kutaja mahali kwa umbali na pembe mbili, wanafizikia wengi hutumia theta kwa pembe inayopimwa kutoka mhimili wa z na phi kwa ile ya kuzunguka. Vitabu vingi vya hisabati huzigeuza. Herufi zilezile, pembe zimebadilishana, na hakuna mstari hafifu wa kukuonya. MathML, lugha ya kuandikia fomula ili kompyuta izisome alama kwa alama, ipo tangu 1998. Sioni udhuru.

Utafutaji ni mzuri kwenye tiba, kwani huko wanaegemea MeSH, orodha ya vichwa vya mada iliyoanza 1960: ukitafuta kwa jina la kawaida la ugonjwa, unaletewa pia makala zilizotumia jina la kitaalamu. Kwingineko unatafuta kwa kubahatisha. Kwenye simu, sahau. Hakuna kishale, na kugusa neno kwa kidole kunafungua ukurasa mwingine kabisa.

Kikundi chetu kimebaki. Mwanahisabati ameanza kuandika maana ya kila alama kwa maneno chini ya kila fomula, kwa mkono, na tangu aanze maswali ya pambizoni kwenye makala zake yamepungua kuliko kwenye zangu.