The MLC: pesa ya mtunzi isilale bila mwenyewe

Watunzi wenzangu mnaojisimamia bila pablisha (kampuni inayosimamia haki za nyimbo za mtunzi), kama nyimbo zenu zinasikilizwa Marekani kupitia Spotify au Apple Music, fungueni akaunti The MLC (The Mechanical Licensing Collective).

Ni shirika lisilo la faida lenye makao Nashville. Tangu Januari 2021, chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 2018, ndilo linalotoa leseni ya jumla kwa majukwaa ya muziki, linakusanya mrabaha (malipo ya matumizi ya wimbo), kisha linamlipa mtunzi kila mwezi. Kujiunga ni bure na halikati kamisheni hata senti, kwa sababu gharama za kuliendesha zinabebwa na majukwaa yenyewe. Mwaka huo wa 2021 majukwaa yalilikabidhi takriban dola milioni 424 za mirabaha ya nyuma iliyokosa wenyewe. Hizo ni jasho la watu kama sisi!

Kilichonikosha zaidi ni sehemu ya kutafuta nyimbo, ambayo iko wazi hata kwa asiye na akaunti. Niliandika jina la wimbo niliotunga na mwenzangu, ukatokea: jina langu, namba yangu ya IPI (inayomtambulisha mtunzi), hisa 50%. Nusu iliyobaki haikuwa na mtu, kwa sababu mwenzangu alikuwa bado hajajisajili. Nikampigia simu papo hapo, akajiunga, akadai fungu lake. Rekodi yetu ya onyesho la moja kwa moja nayo ilikuwa inaelea peke yake kwa sababu ya kichwa tofauti kidogo, nikaiunganisha mwenyewe na utunzi kwenye akaunti. Kwa hiyo wekeni karibu namba za ISRC (zinazotambulisha kila rekodi) za rekodi zenu, zitawarahisishia sana.

Ila huduma hii ina mipaka, na ni vizuri kuijua mapema. Inashughulikia utunzi (maneno na melodi), si rekodi (sauti iliyorekodiwa). Pesa ya rekodi inapitia kwa msambazaji wako, yule anayepeleka nyimbo zako kwenye majukwaa. Ya redio na kumbi ni kazi ya chama chako cha hakimiliki. Anayetaka wimbo kwa filamu au tangazo anakuja kwako moja kwa moja, mnapatana bei na masharti. Matumizi ya nje ya Marekani hayamo kabisa.

Na kama tayari una pablisha, mwachie yeye asajili. Hisa zikidaiwa kupita 100%, malipo ya wimbo yanaweza kuzuiwa mpaka mwelewane.